Dakika Saba na Sekunde Kumi na Mbili

Dereva wetu tulimwita Kobe, na jina hilo nilimpa mimi, kwa hiyo nisijifanye malaika tangu mwanzo. Lilinitoka siku tulipokuwa tunapanda kilima cha hospitali, gari letu la zimamoto linaunguruma kwa shida, na muuza mikate mmoja akatupita kwa baiskeli huku akitupungia mkono. Nikasema, "Jamani, leo tumempanda kobe." Wenzangu walicheka mpaka wakashika mbavu. Yeye mwenyewe alicheka pia, akachelewa kidogo kama kawaida yake, na kuanzia siku ile jina la cheti cha kuzaliwa likabaki kwenye cheti.

Alikuwa na miaka hamsini na tisa, mfupi, mpana wa mabega, na masharubu meupe aliyoyapunguza kila Ijumaa kwa mkasi wa sanduku la huduma ya kwanza, jambo lililokatazwa na lililonikera mno. Alianza kazi kwenye lori la takataka la manispaa. Siku moja dereva wa zimamoto akavunjika mguu akicheza mpira, wakamwazima yule kijana wa takataka kwa wiki mbili. Wiki mbili hizo zikawa miaka thelathini na moja. Katika muda wote huo hakuwahi kugonga hata kuku, na hilo alilisema kila alipopata mgeni wa kumsikiliza.

Mimi ni mtu wa pampu. Tukifika kwenye moto, wenzangu wanakimbia na mipira ya maji, mimi nabaki ubavuni mwa gari nikifungua na kufunga koki, nikiangalia presha isiwaangushe wala isiwaishie. Kwa hiyo mimi na Kobe tulikuwa na ndoa ya kikazi. Yeye analeta maji, mimi nayatoa. Na kila asubuhi saa moja, zamu zinapobadilishana, alikuwa na jambo lake moja ambalo hakuna mwingine aliyelifanya. Alipanda ngazi ya nyuma ya gari, akafungua mfuniko wa tangi, akakunja mkono wa shati na kuuzamisha ndani mpaka kwenye kiwiko. Kisha akashuka, akajifuta, akaandika kwenye daftari la gari: lita elfu tano. Akasaini.

"Mzee, geji si ipo?" nilimuuliza mwaka wangu wa kwanza.

"Geji inadanganya, mwanangu. Huu mkono bado haujajifunza."

Basi tuliishi hivyo, mpaka ulipokuja ule ubao.

Uliletwa na ofisa wa takwimu kutoka makao makuu, kijana mpole mwenye kompyuta na sauti ya kubembeleza. Akaupigilia ukutani kwenye korido, kati ya chumba cha mkuu wa kituo na vyoo, mahali ambapo hata ukitaka kuukwepa huwezi. Alitueleza kwamba sasa kila huduma ya umma itapimwa. Kwetu sisi kipimo kikubwa kilikuwa muda wa kufika: tangu kengele inapolia mpaka magurudumu yanaposimama kwenye tukio. Wastani wa mwezi usizidi dakika nane. Ukiwa ndani ya nane, kituo kinawekewa duara la kijani. Ukizidi, jekundu. Miezi mitatu mfululizo ya jekundu, kituo kinafungwa, gari linapelekwa kituo kikubwa cha ng'ambo ya mji, na sisi tunatawanywa.

Nataka niwe mkweli hapa, maana watu wakisikia habari hii wanadhani nitawatukana wapimaji. Kabla ya ubao ule, kulikuwa na kituo kimoja kilichotumia dakika arobaini kufika kwenye moto kwa sababu dereva alikuwa ameenda kujaribu viatu. Hakuna aliyemuuliza. Kupima ilikuwa haki kabisa. Ila kwenye ubao ule kulikuwa na safu ya muda, safu ya idadi ya simu zilizopokelewa, safu ya usafi wa kituo, hata safu ya sare. Safu ya maji haikuwepo. Nani angedhani kwamba gari la zimamoto linahitaji kuulizwa kama limebeba maji?

Lita elfu tano ni tani tano. Kituo chetu kiko bondeni, na nusu ya mji iko juu ya kilima. Piga hesabu mwenyewe.

Mwezi wa kwanza tukapata jekundu. Mwezi wa pili jekundu. Hapo mambo yakaanza kunong'onwa. Mshika mpira wetu mmoja, tuliyemwita Redio kwa sababu hazimiki, alirudi kutoka mafunzoni na habari kwamba vituo vyenye kijani vinatembea na tangi nusu. "Gari linaruka hilo! Mnafika kabla moshi haujakolea," alisema. "Sisi hapa tunambeba Kobe na bwawa lake."

Kobe alikuwa anakunywa chai. Akaweka kikombe chini.

"Na wakifika wanazima na nini?"

"Moto mwingi ni mdogo, mzee. Jiko, waya, takataka. Lita elfu mbili zinatosha."

"Na usipokuwa mdogo?"

"Gari la pili linakuja."

"Dakika ishirini na mbili," Kobe alisema. "Nimeshaliendesha hilo la pili. Mimi nikifika bila maji ni mtazamaji tu aliyevaa helmeti."

Mkuu wa kituo alituita wote. Ni mtu wa shati lililopigwa pasi mpaka linasimama lenyewe, na siku ile alikuwa na jasho jembamba kwenye mdomo wa juu. Alituambia amepigiwa simu, kwamba mwezi wa tatu ndio wa mwisho. Hakusema tupunguze maji. Hilo lazima nilikiri, hakusema. Alisema, "Mimi sitaki kujua mnafanyaje. Nataka kijani." Kisha akamtazama Kobe kwa muda mrefu, na sisi wote tukamtazama Kobe, na yeye akatazama viatu vyake.

Niliumia sana siku ile, na niliumia kwa ajili yangu. Binti yangu wa miaka tisa hasikii. Shule yenye darasa la lugha ya alama iko ukuta kwa ukuta na kituo chetu, na ndiyo pekee mjini. Miaka miwili nilihangaika kupata nafasi pale, na mwaka huo ndio kwanza alikuwa ameanza kuniuliza maswali kwa mikono yake, maswali mengi ya kichokozi, nami nikawa najifunza alama usiku na mchana ili nisiachwe nyuma na mtoto wangu mwenyewe. Kituo kikifungwa ningepelekwa popote. Na yote hayo kwa sababu mzee mmoja ana kichwa kigumu! Nilimchukia. Nilimwamkia kila asubuhi, "Shikamoo, mzee," na moyoni nilikuwa namchukia.

Siku ya mwisho ya mwezi wa tatu ilikuwa Jumanne. Redio alikuwa amepiga hesabu kwa chaki sakafuni, hesabu ambayo kila mtu aliijua kwa kichwa. Matukio matano mwezi mzima, jumla dakika arobaini na nusu. Wastani dakika nane na sekunde sita. Sekunde sita tu! Tukipata tukio moja zaidi kabla ya siku kwisha, na tukifika ndani ya dakika saba na nusu, tunaokoka. Tusipopata, basi.

Kwa hiyo kituo kizima cha zimamoto kilikaa tangu asubuhi kikiomba nyumba ya mtu iungue. Mtanisamehe, lakini ndivyo ilivyokuwa. Hakuna aliyetamka. Simu ya chumba cha mawasiliano ilipolia, watu waligeuza shingo, na ilipokuwa ni mtu anayeulizia paka aliye juu ya paa, nyuso zilianguka. Redio alitaka kumpigia shemeji yake aripoti moto wa uongo. Mkuu akasema namba zote zinarekodiwa, na akalisema kwa masikitiko.

Saa nne Mkuu alimwita Kobe ofisini. Nilijua ni kwenda kubanwa mara ya mwisho. Wenzangu walikuwa kwenye chai. Gari lilikuwa peke yake uani, na Kobe alikuwa ameshazamisha mkono wake asubuhi, ameshaandika, ameshasaini. Nilipiga moyo konde. Nilivuta mpira wa kutolea maji mpaka kwenye mtaro, nikafungua koki ya chini, nikasimama pale nikiangalia geji inashuka. Elfu nne. Elfu tatu. Nilifunga ilipogusa elfu mbili. Maji yalikuwa yakienda mtaroni na majani makavu, na nikajiambia kwamba Redio amesema moto mwingi ni mdogo.

Kobe alitoka ofisini ameinamisha kichwa. Akapita karibu yangu, akasema, "Wamechoka na mimi, mwanangu. Pengine wana haki." Nikajitia hamnazo, nikaendelea kusugua kioo cha gari. Ningeweza kumwambia pale pale. Tangi lingejaa tena kwa dakika kumi na tano.

Kengele ililia saa saba kasoro dakika tatu.

Ilikuwa mtaa wa mafundi wa samani, upande wa juu wa kilima. Karakana ya magodoro. Niliposikia neno magodoro kwenye redio ya gari, niliogopa, maana godoro la sponji linaungua vibaya kuliko petroli, moshi wake unaua. Lakini tulikuwa tumeshapanda, mlango umeshafungwa, na mimi niko kwenye kiti changu nyuma ya dereva. Mbele yetu, juu ya kioo, ofisa wa takwimu alikuwa ametufungia saa yenye namba nyekundu. Ilikuwa inasema sekunde arobaini na moja na tayari tuko nje ya geti.

Kwenye kona ya kwanza, ile ya ghala la saruji, Kobe alikuwa na kawaida ya kurudi gia ya pili, kwa sababu tani tano za maji hujisukuma upande na gari huyumba. Alirudi gia ya pili. Gari halikuyumba. Liliizunguka kona ile kwa wepesi, na nikaona mabega yake yamesimama. Aliinua macho kwenye kioo cha ndani, akanitazama mara moja tu. Nilitazama nje. Kisha akaongeza gia, na gari likapanda kilima kama halijawahi kupanda.

Redio alipiga kelele, "Twende, Kobe! Twende, baba!" Wote walikuwa wanapiga kelele. Dakika nne. Dakika tano na nusu, tumepita hospitali. Nilikuwa nimeshika chuma cha kiti mpaka vidole vimekufa ganzi, nikiomba Mungu mambo mawili ambayo hayakupatana, kwamba tuwahi na kwamba uwe moto mdogo.

Tulisimama kwa dakika saba na sekunde kumi na mbili. Redio aliisoma kwa sauti kabla hajaruka chini.

Haukuwa moto mdogo. Karakana yote ilikuwa inawaka, na ukuta wake wa kushoto ulikuwa umegusana na nyumba ya mwalimu mmoja mstaafu. Nyumba hiyo ilikuwa bado nzima. Paa lake lilikuwa limeanza kutoa moshi pembeni, basi. Kazi yenyewe ilikuwa wazi hata kwa mwanafunzi: karakana imeshakwenda, okoa nyumba. Mpira mmoja kwenye moto, mwingine kwenye ule ukuta, dakika kumi za maji mfululizo, na nyumba inabaki. Nilifungua. Presha ilikuwa nzuri. Kwa dakika tatu za kwanza moshi wa paani uligeuka mweupe, dalili njema, na watu wa mtaa wakapiga makofi.

Dakika ya nne mpira ulilegea mikononi mwa Redio.

"Maji!" alipiga kelele. "Wewe wa pampu! Maji!"

Niligeuza koki ambayo nilijua haina kitu nyuma yake. Nadhani niliigeuza mara tano au sita, ili nionekane nafanya kazi. Kobe aliteremka kwenye usukani, akapanda ngazi ya nyuma, akafungua mfuniko, akatia mkono mpaka kwenye bega. Akautoa. Alinitazama kutoka kule juu. Akashuka na kukimbilia redio kuita gari la pili, na sauti ya ng'ambo ikamjibu kile alichokijua, dakika ishirini na mbili.

Bomba la barabarani la kujazia lilikuwa limekauka tangu mwaka juzi. Tulifanya kazi kwa ndoo, pamoja na majirani. Ukuta ulipasuka. Moto uliingia chini ya paa la mwalimu, na hapo ndipo mwalimu mwenyewe, mama mtu mzima, alipotoka mlangoni akikohoa, amefunika pua kwa khanga, akisema mume wake yuko ndani, amepooza, hawezi kutembea. Redio na mwenzake walivaa vinyago wakaingia. Siwezi kumlaumu Redio kwa lolote baada ya siku ile. Walikaa ndani muda ambao mimi niliuhisi ni mwaka, wakatoka wamembeba yule mzee kwenye shuka. Alikuwa anapumua. Midomo yake ilikuwa myeusi.

Gari la pili lilikuta kuta mbili na majivu.

Tuliporudi kituoni, Mkuu alikuwa amenunua kreti zima la soda. Ofisa wa takwimu alikuwa ameshapiga simu: wastani dakika saba na sekunde hamsini na saba. Kijani! Mkuu alilibandika duara kwa mkono wake mwenyewe, akamkumbatia Kobe mbele ya watu, masizi yote yale kwenye shati lake la pasi. Kituo kimeokoka. Baadhi ya wenzangu walikuwa wanalia kwa furaha, na mimi nililia pia, ila nisingeweza kusema kwa nini.

Nilimkuta Kobe kwenye karo, ananawa mikono. Ilikuwa imeshatakata, lakini alikuwa bado ananawa.

"Mzee," nilisema. "Yale maji..."

"Nenda kamchukue mtoto shule," alisema bila kugeuka. "Umeshachelewa."

Nikaenda. Nilidhani ananifichia siri. Nilidhani ni ule ukubwa wa mtu mzima anayeamua kubeba mzigo wa mdogo wake, na nilimshukuru, na kila nilipomshukuru nilijidharau zaidi.

Siku ya nne mume wa yule mama alifariki hospitalini kwa ule moshi. Fomu ya tukio ilikuwa imeshapelekwa makao makuu. Waliofariki eneo la tukio: hakuna. Waliookolewa: wawili. Muda wa kufika: ndani ya kiwango. Hakuna uongo hata mmoja kwenye fomu ile, unaweza kuisoma tangu mwanzo mpaka mwisho. Wiki iliyofuata ikaja barua ya pongezi yenye jina la cheti la Kobe, kwamba ndiye dereva aliyefika kwa muda bora zaidi kilimani katika mwezi huo. Mkuu aliitundika chini ya ubao. Kobe alipita mbele yake mara kumi kwa siku na sikumwona akiisoma.

Yule mama alikuja Jumatatu iliyofuata, bila kuitwa, bila kuandamana na mtu. Alikuwa na nguo ya kuazima iliyomzidi, na mkoba mdogo wa plastiki. Mkuu alituita ofisini mimi na Kobe, kwa sababu mama alikuwa ameomba kumwona dereva na mtu wa pampu. Alikaribishwa kiti. Tukampa pole. Aliipokea kwa kuinamisha kichwa.

"Sikuja kugombana," alisema. "Nilifundisha hesabu miaka thelathini na minne. Nimekuja na swali moja. Kwa nini maji yaliisha?"

Mkuu alikuwa amejiandaa. Alifungua faili, akamweleza kwa adabu kwamba gari liliondoka mapema, lilifika mapema, dakika saba na sekunde kumi na mbili, muda ambao makao makuu wenyewe wameusifu. Akamgeuzia karatasi aione.

"Nimekuelewa, baba," mama alisema. "Mlifika mapema. Jirani yangu alikuwa anarekodi kwa simu. Mpira ulitoa maji dakika nne. Gari lenu linabeba kiasi gani?"

Mkuu akavuta daftari la gari, akalifungua kwenye ile Jumanne, na nikaona anachofanya kabla hajakifanya. "Hapa imeandikwa lita elfu tano, mama. Dereva ndiye aliyekagua asubuhi. Hii ni sahihi yake." Akalisukuma daftari mezani kwa kidole, polepole, kuelekea kwa Kobe. "Pengine yeye ana maelezo."

Miaka thelathini na moja, na walikuwa wanammwaga kama maji machafu. Kobe aliitazama sahihi yake. Akafungua mdomo, na nikajua atasema ni yeye.

"Ni mimi," nilisema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Mama, ni mimi niliyeyamwaga. Yeye alikagua, tangi lilikuwa limejaa. Saa nne nilifungua koki nikatoa lita elfu tatu, ili gari liwe jepesi, ili tupate muda mzuri, ili kituo kisifungwe. Hakujua. Nina mtoto hapa shuleni. Sisemi hivyo ili unionee huruma. Ni mimi."

Mkuu alisema jina langu kwa sauti ya kunikanya. Mama hakumtazama. Alinitazama mimi, na nilisubiri anitukane, nilitamani anitukane.

"Anasema kweli, ila nusu," Kobe alisema.

Tuligeuka wote. Alikuwa amesimama, kofia yake mikononi.

"Anasema sikujua. Nilijua, mama. Nilijua kwenye kona ya ghala la saruji. Mimi gari lile nalijua kama mgongo wangu. Halikuyumba, nikajua tangi halijajaa, maji hayakupungua kidogo, yamekwenda zaidi ya nusu. Pale kwenye ghala kuna tangi kubwa la kampuni, tumeshawahi kujaza pale, mlinzi ananifahamu. Dakika nne ningekuwa nimejaza. Kanuni inaniruhusu kusimama. Nilitazama ile saa. Ilikuwa inasema dakika moja na nusu. Haijawahi kusema vile nikiwa kwenye ile kona."

"Mzee, nyamaza," Mkuu alisema.

"Miezi mitatu wananiita mzigo. Watu niliowafundisha kazi. Nikasema moyoni, acha leo nifike. Mara moja tu, na mimi nifike. Wote nyuma walikuwa wananishangilia." Masharubu yake yalikuwa yamelowa. "Nilifurahi, mama. Nataka ujue hivyo. Njia nzima kupanda kilima, nilikuwa nafurahi."

Kupitia ukutani nilisikia mwalimu wa shule anapiga ngoma sakafuni, ndivyo wanavyowaita watoto wasiosikia, wanaisikia kwa miguu.

Yule mama alifunga mkoba wake.

"Majirani walikuwa wameshaingia kumtoa," alisema. "Vijana wanne. Walikuwa wameshamnyanyua na godoro lake, wamefika sebuleni. Ndipo tukasikia king'ora chenu." Alinyanyua uso akamtazama Kobe, bila hasira, kama mtu anayemweleza mwanafunzi mahali hesabu ilipokosewa. "Mume wangu alikuwa anaumia wakimbeba. Akawaambia, niwekeni chini, wanangu, msinihangaishe. Zimamoto wameshafika, tena mapema. Wakamwacha nami, wakatoka wakijua moto mtauzima. Na yeye alifurahi sana."